Siku Niliyoharakisha Prosesa Tatu Mbele ya Baba Mkwe

Kuna aibu ambayo mtu huenda nayo kaburini, lakini hii yangu ilionwa na nusu ya mtaa wetu wa Wandegeya, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kompyuta, Mkongo wa Bukavu, na mkono wangu ni mzuri (waulizeni wanafunzi wa hosteli zote pale juu). Siku hiyo Afande Ojok, askari mstaafu wa kutoka kaskazini, baba yake Akello wangu, alikuja kibandani kuona kama kijana anayemtaka binti yake ana kazi ya maana. Ningempa chai, mambo yangeisha. Lakini mimi nikaona nimwonyeshe ufundi: nichukue prosesa tatu, yaani ubongo wa kompyuta, ya zamani, ya kati na mpya kabisa, niziharakishe kupita kasi ya kiwandani, tulinganishe ipi inapanda zaidi bila kuzimika.

Ya zamani ilipanda ajabu, ya kati ikapanda kidogo ikagoma, wanafunzi wakajaa mlangoni, mzee akavuta kiti, na mimi kichwa kikavimba. Ile mpya ikawa haitaki kusogea (siku hizi viwanda huzikamua mapema, hazibaki na akiba), basi nikaiongezea umeme, na zile mbili sikuzizima, ili mzee azione zote zikikimbia pamoja.

Giza. Jengo lenye kibanda changu halina madirisha na fyuzi ni moja kwa wote, kwa hiyo printa zikanyamaza, pampu ya maji ikafa, na kutoka saluni ya jirani nikasikia mama analia kwamba dawa ya nywele inamchoma na bomba limekauka. Nikasema kosa ni langu, nilirekebishe mwenyewe. Nikabeba jerikeni yangu ya maji mbio, nikamwinamisha yule mama kwenye beseni, nikammwagia maji, nikamsugua kichwa kwa mikono miwili huku nikimbembeleza, "Pole mama, inama kidogo, fundi niko hapa." Nilijiona shujaa kweli.

Umeme ukarudi. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na wanafunzi nyuma yake, akanitazama mimi, kisha akatazama kichwa nilichokishika.

"Kijana," akasema taratibu, "huyu ni bibi yangu, mama yake Akello."

Kumbe walikuja mjini pamoja, naye alikwenda kukaa saluni makusudi ili asikutane na mimi, maana kwao mkwe na mama mkwe hawasogeleani, hata kupeana mkono ni mwiko, na mimi hapo nina povu mpaka kwenye viwiko. Mama akajifunika taulo usoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nikajua Akello ndiyo nimeshamkosa.

"Utaleta mbuzi wa kufuta mwiko," mzee akasema. "Halafu ndiyo tutaongea maneno ya mtoto."

Mbuzi nilipeleka, na mke nikapata. Kuhusu matokeo sirudishi neno, prosesa ya zamani ilishinda kihalali na anayebisha aje na yake. Ila nimeapa, mgeni wa ukweni akifika kibandani atakunywa chai, na mashine zitakwenda mwendo wa kiwandani. Mama mkwe naye, mpaka leo akisikia sauti yangu uani kwao, hufunga kitambaa cha pili kichwani juu ya kile cha kwanza.