Chaki za Bwana Kipimo

Fundi suti mmoja, tuliyembandika jina la Bwana Kipimo, alikuwa na dharau kubwa kuliko kimo chake, na kimo chenyewe cha kupandia kigoda. Alipotolewa tezi ya shingo, muuguzi alimwonya mbele ya mkewe: vile vitezi vidogo vinavyolinda kalsiamu ya damu vimeguswa, ameze vidonge mara tatu kwa siku, na midomo au vidole vikifa ganzi arudi mbio.

"Kalsiamu si ndiyo chaki?" akamnong'oneza mkewe getini. "Ninazo boksi nne dukani. Madonge makubwa kama vifungo vya koti, nani ayameze?"

"Baba watoto, shule uliishia wapi vile?"

"Palepale alipoishiwa mwalimu."

Basi bingwa akawa anatafuna chaki ya kuchorea vitambaa, anashushia na chai ya rangi. Vidonge akavimwaga kwenye kopo la vifungo. Siku ya tatu midomo ikafa ganzi, akasingizia baridi. Vidole vikachomachoma, akasingizia sindano. Mkewe akimwambia warudi hospitali, anajibu, "Wale wanatafuta wateja."

Siku ya tano, katikati ya kukata koti la meneja wa benki, mkono ukajikunja juu ya mkasi kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Haufunguki.

"Mama watoto! Mkono wangu! Nitakula nini mimi?"

"Kula chaki."

Lakini alimburuta hospitali, mkasi mkononi, benchi zima likiwapisha. Wakamtundikia dripu ya kalsiamu, wakaipitisha polepole, na vidole vikaachia kimoja kimoja.

"Umekula chaki gani?" daktari akauliza.

"Ya bluu. Ya kutoka nje," akajibu, kwa maringo, mpumbavu yule!

"Hiyo ni udongo, mzee. Ungechelewa, ungepata degedege, hata moyo ukakosea mapigo. Ukitaka mkono ukate tena, meza vidonge."

Siku hizi anakata. Ila mara tatu kwa siku mkewe humsimamisha mbele ya wateja: "Meza. Fungua. Ulimi juu." Chaki zimefungiwa kabatini, yeye hupewa kipande kimoja asubuhi, na jioni mkewe hukipima kwa futi ya fundi mwenyewe, kuhakikisha hakijang'atwa.