Mgongo Niliouficha

Kiwandani kwetu Likasi kila mwaka tunapitishwa kwa daktari wa kazi, na kila mtu anayebandua na kuinua mabamba mazito ya shaba anajua namna ya kumpita. Wakubwa walinifundisha mwezi wangu wa kwanza. Vuta pumzi, kaza tumbo, tazama ukuta. Ukiambiwa uiname, inamia kwenye nyonga, mgongo ubaki kama ubao. Mgongo ukionekana mbovu unapewa karatasi ya kwenda nyumbani, na ukishafika nyumbani hakuna anayekuita tena. Nilifanya hivyo miaka kumi na minne, na nilikuwa hodari. Niseme kweli, nilijivuna. Wenzangu walinitania kwamba nimemeza fimbo.

Kisha mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Kwanza ulikuwa moto uliotoka kiunoni na kushuka nyuma ya paja, halafu moto ukazimika, na hapo ndipo nilipoogopa. Maumivu nayajua, nimeishi nayo. Kutosikia kitu sikukuzoea. Nilijifunga kikwembe cha mke wangu chini ya shati, kama wanawake wanavyojifunga tumbo baada ya kuzaa, nikaendelea kuinua. Kutoka teksibasi mpaka nyumbani nilisimama mara mbili au tatu, nikijifanya nafunga kamba za kiatu.

Mke wangu ndiye aliyesikia kanisani kwamba hospitalini mjini kuna daktari anayefanya utafiti wa migongo, na kwamba anawatafuta hasa watu wa viwandani. Alinikokota. Daktari alikuwa mpole, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alinieleza kwamba kwa watu wengine pingili moja ya kiunoni haitulii juu ya mwenzake: ukisimama imekaa mahali pake, ukiinama inateleza mbele na kubana mshipa wa fahamu. Ndiyo maana anampiga mtu radio, yaani picha ya mifupa, akiwa amesimama, kisha ameinama, kisha amejikunja nyuma. Alitaka kujua nani anahitaji operesheni na nani atapona kwa mazoezi.

"Foto yako itaingia mu utafiti," alisema, "bila jina. Namba tu, papa."

Namba! Kiwandani pia mimi ni namba, na kwa namba hiyo wananipata popote.

"Simama muzuri, papa," fundi wa mashine akasema, na mwili wangu ukajibu kabla yangu. Pumzi ndani, tumbo limekaza. Nikaambiwa niiname, nikainamia kwenye nyonga. "Tena kidogo." Nikasema huo ndio mwisho wangu. Baadaye daktari alinifumbisha macho na kunichoma nyayo kwa pini, akiuliza kila mara, "Unasikia?" Nilingoja aulize, kisha nikasema ndiyo. Aliuliza mara nyingi, nami nikasema ndiyo mara zote.

"Mufupa haitembee, papa," alisema alipoitazama picha. "Ni misuli tu." Akanipa mazoezi, nikarudi kazini. Nilitoka pale nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani.

Furaha hiyo ilidumu wiki chache. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa navuka uwanja wetu, mke wangu anafua. Akaita, "Babushi yako inabakia kule!" Nikageuka. Ndala ya kushoto ilikuwa imebaki nyuma hatua nyingi, nami sikujua. Mguu ulikuwa mtupu, umejaa udongo, na damu ilikuwa inatoka. Nilikuwa nimekanyaga kipande cha chupa.

Aliacha nguo kwenye beseni. "Weye ulimwambia dokta nini?"

Nikawaka. Nikamfokea juu ya chupa, juu ya nani hafagii, juu ya kitu chochote kilichokuja mdomoni. Alinisubiri nimalize. Nilipomaliza nilikaa kwenye ngazi, nikamweleza yote.

Tulirudi hospitalini nikamweleza daktari pia, naye alikasirika kuliko nilivyotegemea. "Papa, foto yako ilinidanganya, na minye niliandika. Kuko bantu bengine, nitaangalia migongo yabo na ile nilijifunza ku yako." Sikuwa nimewafikiria hao watu. Niliona aibu hadi masikioni.

Tulirudi kwenye mashine. "Simama muzuri, papa," na tumbo likakaza lenyewe, ingawa nilikuwa nimekuja kusema kweli. Daktari akaweka kiganja tumboni pangu, akangoja. Ilichukua muda. Lilipolegea niliinama kweli, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, na nikasikia kitu kikisogea kiunoni, kama tofali lililojengwa bila udongo. Alinionyesha picha mbili pamoja, na hata mimi nisiye daktari niliona pingili ilivyotoka mbele.

"Muguu utarudia?" nikauliza.

"Mushipa inabanwa siku mingi. Minye sijue, papa."

Nilifanyiwa operesheni Lubumbashi, wakaifunga pingili kwa skrubu. Kiwanda kilinipa ile karatasi niliyoikimbia miaka yote, na sasa niko nyumbani. Hofu haikuisha, imehamia tu vidoleni. Kila asubuhi mke wangu ananifumbisha macho na kunifinya kidole kimoja kimoja cha mguu wa kushoto. "Unasikia?" Nasema hapana. Miezi mitano nimesema hapana, naye anasema sawa na kwenda kuchota maji.

Jumapili iliyopita, tukijiandaa kwenda misa, nilisema ndiyo.

Hakuondoa mkono. "Usinidanganye. Ni kidole gani?"

"Kile kidogo, cha mwisho."

Kisha akashika kingine, akauliza, nikasema hapana. Akarudi kwa kile kidogo bila kuuliza kitu, nami nikamwambia ameshika palepale. Alikaa chini sakafuni na nguo zake za kanisani, akilia huku amekishikilia kidole changu, na misa tulichelewa.