Kijivu Alichokipitisha Mkuu Pyo

Kwa miaka sita kiti changu kilikuwa cha pili kutoka kwa Mkuu Pyo, kiongozi wa timu yetu, na miaka miwili ya mwisho nilikuwa najua jambo moja ambalo ofisi nzima haikulijua: haoni karibu. Hakuwa kipofu, msinielewe vibaya. Basi likiwa bado upande wa pili wa barabara, yeye alishasoma namba yake kabla yetu sote. Ila barua iliyowekwa mbele ya pua yake ilikuwa ukungu mtupu, na kazi yetu sisi ilikuwa kutengeneza programu ya barua pepe.

Jina lake kamili ni Pyo Hye-ran. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, umri ambao kwingine si kitu, lakini hapa Pangyo, mtaa wa kampuni za kompyuta, ni uzee wa kupishwa kiti. Katika maghorofa yetu haya ya vioo mtu akifika arobaini huanza kutembea kando ya ukuta. Kwenye lifti kuna utani wa siku zote: ukimwona mwenye mvi, basi ni mwenye kampuni au ni mfagiaji. Mkuu Pyo hakuwa yeyote kati ya hao wawili, kwa hiyo kila Jumamosi ya tatu alikwenda kupaka nywele rangi, na Jumatatu tulimwambia amependeza.

Zamani alikuwa mpanga kurasa wa gazeti moja kule Daegu. Alizijua herufi kama muuza samaki anavyojua samaki: akitupia jicho tu, anakwambia hii imechacha. Alipokuja kwetu mara ya kwanza aliwahi kununiana na mhandisi mmoja wiki nzima kwa ajili ya nafasi kati ya mstari na mstari. "Mtu anafungua barua asubuhi hajaamka vizuri," alikuwa akisema, "wewe unataka akodoe macho kwa nini? Amekukosea nini?" Tulimpenda kwa hilo, ingawa alituchosha.

Kisha macho yakamgeuka, naye akajitia hamnazo. Kwenye mikutano alianza mtindo mpya. "Maeng," ananiambia, "hebu soma kwa sauti. Maneno yakisomwa kwa sauti yanajisema yenyewe kama ni mazuri." Kazi yangu mimi ni kuandika maneno ya kwenye vitufe na yale maelezo mafupi ya programu, basi nikaona ni heshima. Niliandika hata kwenye daftari langu: soma kwa sauti, maneno yatajisema. Nilidhani nimefundishwa hekima, kumbe nilikuwa macho ya kuazima.

Mchana tukienda kula, alikuwa hafungui menyu. "Nipe kama ya Maeng," anamwambia mhudumu. Ndivyo alivyokula kaa mbichi wa mchuzi wa soya mara tatu, na mimi najua kwamba kaa mbichi anamtia kichefuchefu.

Nilimfuma ngazini, ghorofa ya sita, mahali ambapo hakuna apitaye kwa sababu lifti ipo. Alikuwa ameketi kwenye kidato, miwani ya kusomea puani, ile ya bei rahisi ya duka la dawa, anasoma simu yake. Aliponiona aliivua haraka kama mwanafunzi aliyekamatwa na sigara. Tulitazamana.

"Hukuniona," alisema.

"Sijaona kitu, Mkuu."

Akasimama, akajipangusa sketi, akaninunulia kahawa ya barafu, na tangu siku ile hatukulizungumza tena. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilijua zamu yangu iko njiani, kwa hiyo sikuwa na la kucheka.

Mwaka jana wakati wa kiangazi ukaja ule muundo mpya. Mbunifu wetu, Bang Se-ung, kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye adabu kupita kiasi na mwenye viatu vyeupe ambavyo sijui alivifulia wapi, aliuonyesha ukutani kwenye chumba cha mikutano. Kila kitu kilikuwa kimekonda. Tarehe, majina ya wanaopokea, jina la faili lililoambatishwa, vyote vilikuwa vya kijivu hafifu juu ya weupe, vidogo, kama vile kuna mtu alianza kuvifuta akaitwa kula. Na barua yenyewe ilikuwa haifunguki yote. Ilionyesha mistari mitatu tu, yenye herufi kubwa kidogo, halafu chini yake neno moja la kijivu: zaidi. Ukiligusa ndipo unapata iliyobaki.

"Nimetaka ukurasa upumue," Se-ung alisema.

"Unapumua kweli," akasema mmoja.

"Wa kisasa," akasema mwingine.

"Maeng," Mkuu Pyo akasema, "hebu soma."

Nilisoma. Jina la mtumaji nililipata. Nilipofika kwenye tarehe nilikwama. Niliinama mbele, nikakunja uso, nikasema tarehe kumi na saba, kumbe ilikuwa kumi na moja. Hakuna aliyenisahihisha. Nikamaliza, nikarudi nyuma kwenye kiti changu, nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, ilikuwa Ijumaa, na sikutaka kuwa yule dada anayelalamika kwamba herufi ni ndogo. Mnajua anavyoitwa yule dada.

Wote wakageuka kumtazama mkuu wetu. Mkuu Pyo alikuwa anatazama ukutani, na kutoka mbali vile aliona vizuri kabisa. Mtu aliyekesha na herufi nusu ya maisha yake hawezi kutokuona kwamba zile ni mbovu. Lakini fikirini angesema. Angesema, "Hizi hazisomeki," na vijana wale wangeinamisha vichwa kwa adabu, wakasema ndiyo Mkuu, na baadaye kwenye lifti wangeambiana, bibi macho yamekwisha. Baada ya hapo, wiki mbili tu, jina lake lingekuwa mdomoni mwa kila mtu.

"Mkuu?" Se-ung aliuliza.

"Safi," alisema. Akatia sahihi yake.

Toleo jipya likatoka Septemba, na malalamiko yakamiminika. Karani wa ushirika wa wakulima wa matunda ya persimoni kule Sangju alituandikia mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya heshima. Ya nne ilisema hivi: "Tarehe mmeipeleka wapi? Mzigo wa watu umeoza hapa kwa sababu yenu." Mwalimu mmoja alipiga simu akauliza tumemfungia barua zake kwa kosa gani, maana zote zimekatwa mistari mitatu. Nilimweleza aguse neno zaidi. Akauliza liko wapi. Nikamwambia lipo chini pale. Akasema hapa chini hakuna kitu, binti yangu, hapa ni peupe.

"Watazoea," Se-ung alisema, ila hakusema kwa furaha.

Mkuu Pyo alijibu kila lalamiko yeye mwenyewe. Alikuwa ananiambia maneno, mimi naandika. Alizidi kukonda. Akitoka mkutanoni anakaa kwanza, anaweka viganja juu ya macho kama anayazuia yasitoke, halafu anaendelea. Nikimuuliza kama yuko sawa, ananiambia nimsomee inayofuata.

Novemba ikaja barua kutoka idara ya utumishi, kwa wakuu wote wa timu. Sasa nyie mnajua barua za hapa zinavyoanza. Hakuna anayekurupuka na habari. Huanza na majani ya mti wa ginko kugeuka manjano, upepo wa asubuhi kuwa mkali, na maombi kwamba familia yako nzima iko salama. Hiyo ni mistari mitatu. Programu yetu ikaonyesha mistari mitatu ileile, ya majani na upepo na familia, na chini yake pakawa peupe.

Mkuu Pyo aliifungua Jumanne asubuhi. Hakuniita nimsomee, kwa sababu aliona ni salamu tu za msimu, kama zinazotumwa kila mwaka, na salamu ya herufi kubwakubwa za mwanzo aliweza kuipapasa mwenyewe. Akaridhika, akaifunga.

Habari yenyewe ilikuwa chini ya kijivu. Ilisema kwamba kampuni inapanga idara upya. Mkuu wa timu anayetaka kubaki kwenye nafasi yake ajibu kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Asiyejibu itahesabika amekubali kuhamishiwa kituo cha huduma kwa wateja, Gunsan, mji wa pwani ulio mbali na hapa.

Jumatatu orodha ikabandikwa. Jina lake lilikuwa pale peke yake.

Mkurugenzi Ok alituita watatu ofisini kwake: Mkuu Pyo, Se-ung na mimi, ili kazi zikabidhiwe. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaotisha, maana hapandishi sauti hata anapokumwagia unga.

"Mkuu Pyo, hukujibu," alisema. "Tukaelewa umeridhia."

"Sikuiona, Mkurugenzi."

Akageuza kompyuta yake ituelekee. Programu yetu ina kitu ambacho wateja wa nchi hii hawawezi kuishi bila hicho: aliyetuma barua huona imefunguliwa saa ngapi. "Jumanne, saa tatu na dakika arobaini," alisema. "Ilifunguliwa."

"Niliifungua. Habari sikuiona."

"Hukuiona kwa sababu ya nini? Herufi, au macho?"

Nilijua jibu ni yote mawili. Nilijua pia kwamba akisema herufi, sahihi ya kuzipitisha ni yake, na akisema macho, hapo hata Gunsan hapelekwi, anaachishwa kazi kabisa. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na macho ya kuaminika. Nikaendelea kutazama zulia.

Mkuu Pyo alifungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa mbele yetu. Akaivuta kompyuta karibu. Alitafuta kwa kidole kile kidoa cha kijivu, akakigusa, barua ikafunguka, naye akaisoma yote kwa sauti, kuanzia majani ya ginko hadi jina la Gunsan na muhuri wa mwisho. Alisoma vizuri kuliko nilivyowahi kumsomea mimi.

"Ni herufi," alisema alipomaliza. "Siku zilipoletwa nilijua ni mbovu. Nikazipitisha kwa kuogopa mtu asiseme ni macho. Macho nayo ni mabovu, miaka miwili sasa. Basi."

Mkurugenzi Ok aliigeuza tena kompyuta imwelekee. "Muda wa kujibu umepita," alisema, na nadhani kweli ilimuuma.

"Najua umepita. Gunsan nitakwenda. Naomba jambo moja tu, herufi ziwe nyeusi kabla sijaondoka, na barua ifunguke yote. Kule nitakuwa napokea simu za watu hawa. Sitaki kuwaambia waguse kitu ambacho hakipo."

"Waulize wenyewe," mkurugenzi alisema, akatuonyesha kwa kidevu.

Se-ung alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Zitakuwa nyeusi, Mkuu," alisema. Halafu, taratibu zaidi: "Hata mimi nikiwa nyumbani nazikuza. Kwenye kompyuta ndogo sizioni."

"Huzioni?"

"Sizioni, Mkuu. Siku ile nilizileta nikijua utazikataa. Ulikuwa unakataa kila kitu. Nilishaandaa nyingine, nyeusi."

"Mbona hukuzitoa?"

"Ulikuwa umeshasema safi."

Mkuu Pyo alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepanda mlima akaambiwa mlima si huu. Akavua miwani, akayafikicha macho kwa muda mrefu. Tulitoka ofisini kwa mkurugenzi, Se-ung akatangulia kwa aibu, sisi wawili tukabaki tunasubiri lifti. Nilitaka kumwambia kitu. Nilitafuta la kusema nikapata upuuzi tu.

"Pole, Mkuu. Kumbe hata Se-ung alikuwa haoni."

"Na wewe?"

"Mimi?"

"Siku ile ulikwama kwenye tarehe," alisema. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeshukuru. "Nilikusikia. Ukasema kumi na saba wakati ni kumi na moja, mimi niliiona kutoka kule nilipokaa. Nikajiambia, haya, sasa Maeng atasema. Wewe bado kijana, wewe ungesema wangekusikiliza, na mimi ningekuunga mkono hapohapo. Nikangoja."

Lifti ilifika, milango ikafunguka, hatukuingia.

"Nilingoja sana, Maeng," alisema. "Mpaka Se-ung akaniita."