Bibi Harusi Aliyesukuma Nyumba

Tuliondoka Kisauni baada ya adhuhuri, Uhuru ukiwa mlangoni, kumpeleka dada yangu Zuhura kwa mumewe Likoni. Mama mkwe wake alikuwa ametutumia salamu zenye pilipili: jua likizama bibi harusi hajafika, tukae naye wenyewe. Mimi nilikuwa dereva wa mzungu wa Nyali aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Alikuwa na lori alilolijengea nyumba mgongoni, lenye vitanda, mapazia na taa. Nikamwomba, akaniazima. Nikajiona liwali.

Tangu asubuhi Shangazi Mwanakombo alikuwa amewasha taa zote, mchana kweupe, ili majirani waone. Nilimwonya kwamba betri itakufa.

"Taa ni za harusi," akanijibu. "Betri ni yako."

Daraja la Nyali tulilivuka kwa vigelegele, taa zikiwaka.

Kwenye feri sharti lilikuwa moja: zima injini. Nikazima. Tulipofika Likoni nikabonyeza stata. Kimya. Hendeli ya kuwashia mzungu keshaipakia kwenye masanduku yake, kana kwamba Ulaya hakuna vyuma. Honi zikatulilia nyuma. Abiria wakatusukuma hadi juu ya gati, kisha wakaenda zao. Tukabaki mimi, mjomba mwenye pumu, na wanawake. Jua lilikuwa limeshuka, na roho yangu nayo.

Wanawake walisukuma, lori halikusogea. Zuhura akataka kushuka.

"Wallahi hushuki!" Shangazi akafoka. "Mguu wa bibi harusi haugusi ardhi mpaka kizingiti cha mume!"

"Basi kaa wewe, uwe bibi harusi."

Akaruka, akafunga buibui kiunoni, akatia bega. Injini ikaitika. Sikuthubutu kusimama, ingezima tena. Nikaenda zangu.

Nyumbani kwa bwana harusi tulipokewa kwa shangwe. Mama mkwe akafungua pazia, akamkuta Shangazi peke yake kitandani, kakumbatia chetezo.

"Ndiye huyu?"

"Huyo ni shangazi," nikasema, mguu ungali kwenye mafuta. "Mwenyewe yuaja."

Akaja kwa miguu, jua limebaki ukucha, grisi imefunika hina. "Shikamoo, mama."

Mama mkwe aliitazama ile mikono muda mrefu. "Marahaba. Ingia, mwanangu. Nyumba yangu nayo ina miaka haijapata wa kuisukuma."

Tulikula pilau injini ikinguruma, mjomba akiwa zamu kwenye usukani. Lakini feri ni feri. Tulipovuka kurudi, nikazima tena, na ng'ambo ya pili stata ikanyamaza vilevile. Nilikuwa nimejifunza dawa yake. Nikatoa kichwa dirishani, nikaita kwa sauti:

"Zuhura! Shuka utie bega!"

Hakuna aliyeitika. Ndipo nilipojua kwamba tumemwacha kweli. Nyuma nikasikia Shangazi akilia, kisha mlango ukafunguliwa, akashuka mwenyewe kusukuma.