Kifuu cha Jumamosi

Nzai wa Lewa alipoanguka na mnazi wake, mwaka wa themanini na sita, aliwaambia watu wa Kakuyuni kwamba mti ulikuwa umezeeka. Aliyasema hayo akiwa amelazwa juu ya mkokoteni, mfupa wa paja umechomoza kama kijiti cheupe. Kisiki kilikuwa pale pale, na alama za shoka bado zilikuwa mbichi, zinatoka maji. Kila mtu aliziona. Hakuna aliyembishia.

Alikuwa mgema. Minazi kumi na minne aliachiwa na baba yake, na kwa miaka thelathini na mitano aliipanda alfajiri, adhuhuri na alasiri, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, kibuyu mgongoni. Nyayo zake zilikuwa ngumu kama kwato, na kifuani alikuwa na sugu mbili pale mwili unapokumbatia mti. Kache, mkewe, alisema kulala naye ni kulala na gogo, na alisema hivyo akicheka.

Chini ya upenu wa nyumba yao kilining'inia kifuu cha nazi kwa kamba ya makumbi. Kifuu hicho kilitokana na kosa.

Mwanawe Ngala alipokuwa na miaka kumi na minne, asubuhi moja baada ya mvua, Nzai alimwamuru apande. Mtoto akasema shina lina utelezi. Nzai akakata fimbo akamchapa miguuni, akamchapa mpaka akapanda huku analia, na alipofika nusu akateleza. Mkono wa kulia ulivunjika mahali pawili. Mganga wa mifupa aliuunga, lakini ulipona na kigosho kidogo kwenye kiwiko.

"Hutapanda tena," Nzai alimwambia. "Chako utakikuta hapa."

Akatundika kifuu, na kila Jumamosi akatia kitu ndani. Kwanza sarafu za kununulia mahamri na daftari. Ngala akaacha shule, akaota ndevu, na sarafu zikageuka noti. Hakuwahi kusema ahsante, wala Nzai hakungojea. Akiambiwa achote maji, Ngala alijibu, "Mkono." Akipewa jembe, "Mkono." Jumamosi alichukua masurufu yake akaenda Malindi, akarudi Jumatatu macho mekundu. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Kwenye mangwe, pale watu wanapokaa kunywa tembo la mnazi, jirani yake Gona hakumstahi.

"Nzai, mwanao utamwachisha ziwa lini? Ana ndevu kukushinda wewe."

"Mkono wake mbovu."

"Mbovu kwa jembe. Kwa chupa naona unafika mdomoni barabara."

Watu walicheka. Nzai akacheka nao, kisha akaenda nyumbani akatia noti kifuuni.

Mbeyu ndiye aliyeyamaliza hayo. Alikuwa binti yake, kitinda mimba, miaka kumi na sita, na kazi yake ilikuwa kupeleka tembo mangweni na kurudisha mauzo. Ijumaa moja Ngala alimvizia njiani katikati ya mikorosho, akamtaka afungue kiganja. Mbeyu akakaza ngumi. Ngala akampiga usoni, akampiga tena, akampiga teke alipokuwa chini. Msichana alifika nyumbani kinywa kimejaa damu, jino moja la mbele halipo, ngumi bado imefumbwa. Aliifungulia juu ya kiganja cha baba yake.

"Zote zipo, baba," alisema.

Kesho yake kifuu kilikuwa kitupu.

"Baba, kifuu kina nini?" Ngala aliuliza.

"Kina upepo."

"Nimekosa nini?"

"Una miaka ishirini na saba, na umempiga dada yako."

"Na mkono huu?"

"Mkono huo nimeulipa."

"Nani amekuambia umemaliza?"

Siku hiyo Ngala alivunja mitungi yote ya tembo, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, na uwanja mzima ukanuka uchachu. Jumamosi ya pili alimkamata mbuzi mwenye mimba, akamkata shingo nusu mbele ya mama yake na kumwacha akigaragara. Kache alimmaliza mnyama yule mwenyewe.

"Mpe, baba Ngala," alimsihi mumewe. "Mpe anyamaze."

"Nikimpa leo nitampa mpaka kaburini."

Jumamosi ya tatu, alasiri, Nzai alikuwa kileleni akilichonga karara linalotoa tembo kwa kotama. Aliuhisi mti ukishtuka kabla ya kusikia mlio. Akatazama chini. Ngala alikuwa ameshika shoka la kupasulia kuni.

"Tupa pesa!" Ngala alipiga kelele.

"Weka shoka chini!"

"Ukitia mguu kwenye kidato ninaukata! Tupa!"

Noti ilikuwepo. Ilikuwa kwenye kibindo chake, imekunjwa, mauzo ya mchana. Vidole vyake viliigusa. Angeiachia tu, ingepepea mpaka chini kama jani, na shoka lingenyamaza. Lingenyamaza mpaka Jumamosi.

Shoka likagonga tena. Kila pigo lilipanda ndani ya shina likaingia kifuani mwake, katika zile sugu mbili. Na akiwa amejibana huko juu, akitazama bega la mwanawe likipanda na kushuka, Nzai aliona jambo ambalo miaka kumi na mitatu hakuliona. Lilikuwa bega la kulia. Mkono ulioushika mpini mbele na kulitupa shoka kwa nguvu zote ulikuwa mkono ule ule. Haukutetemeka wala haukuchoka. Kwa mkono kama huo mtu angelima ekari nzima.

Hasira iliyompanda ilifukuza woga. Akaiacha noti kibindoni, akaanza kuteremka.

"Nitakukata!"

"Nakuja!"

Alikuwa amebakiza kimo cha watu watatu aliposikia nyuzi za shina zikikatika kwa sauti kama ya kitambaa kinachoraruliwa. Mnazi ukaenda naye. Ulimtupa, kisha ukamwangukia pajani, na mlio wa mfupa ule Mbeyu aliusikia akiwa jikoni.

Ngala alimsogelea. Aliinama, akapekua kibindo cha baba yake, akachukua noti, akaivuka ile miguu iliyopinda na kwenda zake, huku Mbeyu akipiga mayowe nyuma yake.

Nzai alilazwa hospitali Malindi miezi miwili. Alirudi na magongo mawili na mguu mmoja mfupi. Minazi iliyobaki alikuwa akiigema Gona kwa nusu ya mauzo. Jumamosi ya kwanza, akiwa amelala barazani, alisikia sarafu ikigonga kifuu.

Kache alikuwa amesimama pale, amempa mgongo.

"Tangu lini?" Nzai aliuliza.

"Tangu ulipoanguka. Atatuua, baba Ngala. Anakuja na lile shoka. Niache nimpe."

Nzai alijikokota kwa viwiko mpaka kwenye nguzo ya upenu, akajiinua, akaikata kamba kwa kotama. Kifuu kikaanguka. Akakivunja kwa mgongo wa kotama, akakipiga hata vipande vilipokuwa vidogo mno kupigika, na sarafu ikabingirika uwanjani. Akaketi pale pale, mgongo kwenye nguzo, akangoja.

Ngala alifika jua likiwa kichwani, shoka begani. Aliviona vipande.

"Shikamoo, baba."

Nzai hakuipokea.

"Kifuu kimevunjika," alisema.

"Nimeona."

"Mti siwezi kupanda tena, huna pa kuniangushia. Nimekaa chini. Masurufu hakuna, leo wala siku nyingine. Ukitaka kumaliza kazi, maliza." Akaunyosha mguu mbovu mbele yake.

Mbeyu alikuwa ametoka na mchi wa kinu, amesimama nyuma ya nguzo, pengo lake wazi. Kache alifunika uso kwa leso.

Ngala aliinua shoka kwa mikono miwili. Lilishuka likapita kando ya sikio la Nzai, likazama kwenye nguzo mpaka vumbi la makuti likawamwagikia wote. Ngala akalivuta, halikutoka. Akaweka mguu nguzoni akavuta tena, jasho linamtiririka, na halikutoka. Nzai hakupepesa jicho.

"Vuta," alimwambia. "Mkono unao."

Ngala aliuachia mpini kana kwamba umemwunguza. Aliitazama ile sarafu mchangani. Hakuiokota. Akageuka, akaishika njia ya Malindi.

Mwaka uliofuata Gona alileta habari kwamba amemwona Ngala kwenye timbo moja karibu na Kilifi, ameinamia shoka la timboni, anakata mawe ya kujengea mahoteli ya Bofa. Hakuwa amemsalimia mtu, wala hakutuma salamu. Nyumbani hakurudi. Lile shoka Nzai hakutaka liondolewe kwenye nguzo. Likashika kutu, Kache akawa anatundikia kikapu.

Na wageni waliomwuliza mzee hali ya mwanawe walipata jibu moja tu, kisha Nzai akageuza uso wake upande wa minazi.

"Mkono wake umepona."