Papa Ekow na Sabuni ya Maganda ya Ndizi

Nyumba tunayopanga hapa Sekondi ina vyumba vinane, uwanja mmoja, bomba moja na mabafu mawili, kwa hiyo mwenye siri humu ni yule aliyehama. Mimi nimefungua saluni yangu ya kusuka barazani, na Papa Ekow Bentsil na mkewe, Mama Araba, wanakaa vyumba viwili vya nyuma. Nimeishi nao miaka kumi na minne. Kumi na miwili ya mwanzo sikujua kabisa kwamba nimepanga na mtaalamu wa uchumi.

Hata yeye hakujua, maskini. Alikuwa karani wa reli. Asubuhi anatoka, jioni anarudi, anaoga, anakula, analala. Sabuni aliikuta bafuni, dawa ya meno aliikuta kwenye kikombe, mafuta ya kujipaka yalikuwa mezani. Nadhani aliamini vinaota vyenyewe kama uyoga. Aliyevinunua ni Mama Araba, kwa pesa ya samaki wake wa moshi, miaka thelathini na mmoja, bila kuitisha kikao.

Kisha Papa Ekow akastaafu. Wiki ya kwanza alipumzika. Wiki ya pili mkewe alimtuma dukani, na akarudi ameushika mche wa sabuni kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Araba! Unajua hiki kitu ni bei gani?"

"Nisijue vipi? Mnunuzi si mimi?"

"Sedi kumi na nane!"

"Mwezi uliopita ilikuwa kumi na saba."

"Na wewe ukanyamaza tu?"

"Ulitaka nipige yowe, Papa Ekow? Nigaegae sokoni?"

Papa Ekow aliketi kwenye kiti chake cha plastiki akaugeuzageuza ule mche, akasoma maandishi yote ubavuni mwake, hata yale ya Kifaransa asiyoyajua. Kuanzia siku hiyo nyumba ikapata serikali mpya.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ilizimuliwa mpaka ungeweza kufuga samaki ndani yake. Mrija wa dawa ya meno ulipokwisha, ulipasuliwa kwa mkasi, na ukaendelea kutumika siku nne zaidi, mtu anachovya mswaki humo kama anachovya tonge la kenki, ugali wa mahindi, kwenye pilipili. Dodoki la mkewe lilikatwa mapande matatu: moja la kutumia, mawili ya akiba. Losheni ilihamishiwa kabatini, na kabati likatiwa kufuli. Mama Araba, mwanamke mwenye wajukuu wanne, ikambidi apige hodi ili apake miguu mafuta.

"Maanan," aliniambia Papa Ekow siku moja, amesimama mlangoni kwangu huku namwosha mteja nywele, "shampuu yote hiyo ya nini? Unajua povu ni nini? Povu ni hewa. Watu wanatuuzia hewa."

"Papa, mteja huyu amelipia hewa yake. Niache nimpe."

Mteja akacheka mpaka maji yakamwingia masikioni. Papa Ekow akaondoka akitikisa kichwa, kama anavyotikisa mtu aliyehubiria mawe.

Mama Araba hakugombana naye. Ninyi mnaomjua mnajua kwamba yule mama hapigani vita anavyoweza kuvizunguka. Alininong'oneza tu nimpe nafasi kwenye rafu yangu, akaweka hapo mche wake wa sabuni, chupa yake ya losheni na poda yake ya harufu nzuri. Kila asubuhi alipitia kwangu na ndoo yake kabla ya kwenda bafuni. Mumewe akimwona anarudi amenawiri, ananukia, husema kwa fahari, "Mnaona? Matumizi kidogo, na bado anang'aa." Mimi huinamia kichwa cha mteja nikauma midomo.

Wazo la sabuni lilimjia msimu ule bei zilipopanda tena. Alikumbuka kwamba marehemu mama yake alikuwa akipika sabuni nyeusi kijijini, ile ya jivu la maganda ya ndizi za kupika, na watoto wote tisa walioga hiyo, na wote tisa walikuwa na ngozi. Huo ndio uliokuwa utafiti wake wote.

"Umewahi kuipika?" mkewe alimuuliza.

"Nimewahi kuiona ikipikwa."

"Mimi nimewahi kuona ndege ikiruka."

Hilo halikumzuia. Kwa wiki mbili Papa Ekow alizunguka kwa wauza fufu wote wa mtaani, wale wanaotwanga ndizi na muhogo, akikusanya maganda. Watu walimpa kwa furaha, maana alikuwa anawapunguzia kazi ya kwenda jalalani. Akayaanika juu ya paa la bafu. Nzi walikuja kutoka Takoradi, mji wa jirani. Yalipokauka akayachoma katikati ya uwanja, siku ambayo wapangaji watatu walikuwa wameanika nguo nyeupe za kanisani. Maneno aliyoambiwa sitayarudia, ila nitasema kwamba ukoo wake wote ulitajwa, wa kuumeni na wa kukeni.

Kisha akachukua sufuria kubwa la Mama Araba, lile la kupikia supu kwenye misiba, akalijaza maji ya jivu. Sabuni ya namna hiyo inataka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, na mafuta ya mise yanataka pesa. Mama yake, alivyokumbuka, alikuwa akimimina madebe mawili. Papa Ekow akanunua moja.

"Wazee walikuwa wafujaji," alinieleza.

Na kwa kuwa sabuni ilikataa kuganda, akatia vijiko vinne vya kostiki, ile dawa kali ya kuzibulia mabomba. Kuna mtu sokoni alimwambia inaharakisha. Jina la huyo mtu hakuliuliza. Ushauri ulikuwa wa bure, na cha bure hakihojiwi.

Ikatoka sabuni. Sitamnyima haki yake: ilikuwa nyeusi, ilikuwa ngumu kiasi, na ukiitia maji ilitoa povu. Aliikata vipande arobaini na viwili akavipanga dirishani, akavikagua kama jenerali. Mkewe aliposogea kunusa, pua ilimwasha akarudi nyuma.

"Hii mimi sioni kama imeiva, Papa Ekow. Mama yako aliiacha ikae. Na mafuta je? Umetia mafuta yote?"

"Yametosha."

"Nani kasema?"

"Mfuko."

Basi akaoga nayo yeye, asubuhi na jioni, na uso aliusugua zaidi kwa sababu uso ndio unaoonekana. Siku ya kwanza alisema inamsisimua. Siku ya tatu alisema inatoa uchafu wa miaka. Siku ya sita ngozi ya mashavu ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, na chini yake ikatokea ngozi nyingine, nyekundu-nyeupe, laini, mabaka mabaka. Alivaa kofia. Nilimwambia aache, nikamwambia mimi kazi yangu ni dawa za nywele na najua kostiki inavyokula ngozi. Akanijibu kwamba wasusi wote tuna ubia na wenye viwanda.

Jumapili akaenda kanisani. Kofia hairuhusiwi ndani.

Nilikuwa nimekaa safu mbili nyuma yao, na niliona habari ikisafiri. Ilianzia kwa wanakwaya, ikashuka kwa akina mama wa umoja wao waliovaa nyeupe, ikavuka upande wa wanaume. Kabla ya sadaka ya pili kila mtu alikuwa anajua kwamba Papa Ekow Bentsil, mstaafu, mjukuu wa mchungaji, anajipaka mkorogo. Mpaka tunatoka nje, walikuwa wameshampatia na sababu: kuna msichana. Wengine walijua mpaka anapouza nyanya.

Jumatatu Mama Essilfie, mwenyekiti wa akina mama kanisani, akaja kumwona Mama Araba. Alikuja na uso wa msiba. Waliketi uwanjani, na mimi, kwa bahati tu, nilikuwa nafagia karibu.

"Dada Araba, tumesikia. Sisi ni wanawake wenzio. Pole sana."

"Pole ya nini, dada?"

"Ya mzee kujichubua. Mwanamume wa miaka sitini na miwili hajichubui kwa ajili ya mke aliyenaye ndani."

Mama Araba alimtazama mumewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akiwa amepaka uso maji ya mchele. Angeweza kumwokoa kwa neno moja. Nami namheshimu sana kwa kuwa hakulisema.

"Mwulize mwenyewe," alisema. "Mimi vitu vyake vya kujiremba viko kabatini, funguo anazo yeye."

Papa Ekow akafungua mdomo. Ungeona mawazo yanavyompita usoni katikati ya yale mabaka. Akikiri ni sabuni, mji mzima utajua kwamba karani mkuu mstaafu alijichoma kwa kukwepa sedi kumi na nane. Asipokiri, basi ana msichana.

"Mambo ya mwanamume," alisema taratibu, "ni mambo ya mwanamume."

Naapa alitembea kama mtu aliyekua inchi mbili. Siku ile nzima alikuwa na msichana, na msichana hakumgharimu hata pesewa moja. Alikuwa ameokoa pesa na hapo pia!

Lakini hakujua kilichokuwa kinakuja. Jumatano wakaja wanawake wawili. Alhamisi watano. Hawakuja kumlaumu; walikuja kuuliza anatumia nini, maana mikorogo ya dukani ni ghali na hii yake imefanya kazi kwa siku sita. Mmoja alinyoosha kidole dirishani.

"Ndiyo hiyo nyeusi, Papa? Nipe vipande vitatu. Nitakupa sedi hamsini."

Niliacha kusuka. Sedi hamsini kwa vipande vitatu, na dirishani bado kulikuwa na zaidi ya thelathini. Nilimwona akihesabu; midomo yake ilikuwa inacheza. Maisha yake yote ya ubahili yalikuwa yamefika mlangoni kudai malipo.

Nyuma ya wale wanawake alisimama binti mmoja wa miaka kama kumi na tisa, mweusi tii, mzuri, ngozi ambayo mimi ningemwomba Mungu anipe. Ameshika noti moja ya sedi ishirini, imelowa jasho.

"Na mimi nipe kimoja, Baba," alisema. "Cha usoni. Ndugu wa mchumba wangu wanakuja mwisho wa mwezi ujao."

Papa Ekow alimtazama binti yule. Kisha akajigusa shavu, pale palipokuwa bado panatoka maji.

"Nenda nyumbani, mwanangu."

"Ninayo pesa, Baba."

"Nimeiona. Nenda nayo." Halafu akapaza sauti, mpaka mpangaji wa chumba cha mwisho akatoka na kijiko mkononi. "Nendeni nyote! Hii si dawa ya kuwa mweupe. Hii ni jivu la maganda ya fufu! Na kostiki, ya mabomba! Nimetia mafuta nusu kwa sababu nilikuwa nabana pesa. Sina msichana. Nani anataka mzee anayekata dodoki mapande matatu? Nimeungua! Mnaniona? Nimeungua uso kwa ajili ya sedi kumi na nane!"

Kicheko kilianza, sijui kwa nani, pengine kwangu. Wale wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja aliketi chini kabisa. Yule binti hakucheka. Aliikunja noti yake, akaiingiza kwenye sidiria, akaondoka. Hakuna aliyemwuliza Papa Ekow tena chochote.

Kanisani walimtania mwezi mzima. Vijana walimpa jina, Mstaafu Kostiki, na mpaka leo linamfuata. Mashavu yalirudi taratibu, kwa siagi ya shea niliyompa. Aliniuliza bei. Nikamtajia. Akaomba punguzo.

Kilichofuata ni kwamba Mama Araba alichukua funguo za kabati kutoka kwenye msumari wake, mchana kweupe, akazitia kiunoni. Kisha akavunja vile vipande vyote, akavirudisha kwenye sufuria, sasa kwa moto wa polepole, na akamimina dumu zima la mafuta ya mise na siagi ya shea juu yake. Kumbe yeye aliwahi kukaa na mama mkwe wake mwaka mzima alipojifungua mtoto wa kwanza, na alikuwa amepika ile sabuni kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia unajua?" mumewe alimuuliza.

"Uliniuliza lini? Koroga."

Akakoroga. Siku mbili alikoroga, jasho linamtiririka, mkewe amekaa pembeni anamenya vitunguu na kumwambia apunguze moto, aongeze moto, asimame vizuri. Sabuni ikakaa wiki tano gizani chini ya kitanda. Ilipotoka ilikuwa laini, rangi ya kahawia, na mimi mwenyewe naitumia kuoshea wateja vichwa.

Hakuuza hata kipande kimoja, Mama Araba. Aliwapa wapangaji wale watatu kwa ajili ya nguo zao zilizoingia masizi, akawapa wauza fufu, akampelekea Mama Essilfie viwili katika bahasha ya kanisa. Cha yule binti alikipeleka mwenyewe kwao, siku mbili kabla ya wageni kuja. Papa Ekow aliketi kwenye kiti chake cha plastiki akitazama kila kipande kikitoka getini, kimoja kimoja, kama mtu anayesindikiza majeneza. Lakini hakusema neno, na wanaomjua watakwambia kwamba kwa Papa Ekow huko ndiko kutubu.