Vidole Vibichi

Wiki niliyoanza kujifunza gitaa la besi kijijini Lyulilo, mchana nilikuwa nikimkandia udongo mama mmoja mfinyanzi, jioni nikifanya mazoezi na kwaya. Alhamisi ncha za vidole zikatoka malengelenge, na kwa ibada ya Jumapili hapakuwa na mpigaji mwingine.

Yule mama mfinyanzi alivitazama akacheka. "Mwanangu, chungu ukikilowesha kila siku kitakauka lini? Mchana unalainisha ngozi, jioni unaikwaruza kwenye nyuzi."

Akaniachisha kukanda, nikawa napanga kuni za kuchomea vyungu. Malengelenge sikuyapasua, gitaa sikuligusa. Jumapili nilipiga nyimbo mbili, nikaacha vidole vilipoanza kuwaka. Zilizobaki kwaya iliimba kwa ngoma.